Karatasi ya Masahihisho

Leipzig, Februari. Theluji imegeuka tope
mtaani kwa wachapaji,
na Irmtraut Zschoche anasoma kwa kidole,
miwani miwili puani, moja juu ya nyingine,
kitabu cha Daktari Quaas: kurasa mia tatu na kumi na mbili
za alama zisizotamkika.

Hajui hisabati. Anajua nukta iliyohama mahali pake.
Miaka thelathini na mmoja amekula mshahara wa makosa ya watu:
herufi iliyolala chali, neno lililojirudia,
mabano yaliyofunguliwa na hakuna aliyerudi kuyafunga.
Mimi mwanagenzi wake, kucha nyeusi kwa wino,
nilizisoma herufi za risasi zikiwa kichwa chini
(hadi leo harufu ya mafuta ya taa
hunirudisha kwenye kiti kile kisicho na mgongo.

Kazi iliisha Jumanne.
Makosa kumi na saba yalikuwa yametuponyoka;
tukayachapa kwenye kikaratasi cha kubandikwa mwishoni.
Jumatano akaliona la kumi na nane,
nalo limo ndani ya kikaratasi chenyewe:
ukurasa wa 88 ulitakiwa uwe wa 89.
Tukachapa cha pili, kukisahihisha cha kwanza.
Alhamisi, cha pili kikawa na koma iliyozidi.

Bwana Nitzschke, mwenye mtambo, akapiga meza:
"Karatasi zina bei! Chapeni moja tu iseme
kila kosa la kitabu hiki limo humu, basi!"
Irmtraut akamtazama juu ya miwani yote miwili.
"Na ikikosea papo hapo inaposema hivyo,
tutaliandika wapi?"

Daktari Quaas alikuwa mlangoni, koti linachuruzika.
Alicheka hadi akakalia robota la karatasi.
"Mama, hicho ndicho kitabu changu kizima!
Weka kanuni zako, uzipange, uzihesabu.
Patakuwepo daima sentensi moja ya kweli
imesimama nje, na kanuni hizo haziwezi kuifungulia.
Haya, ihurumie. Ipe kiti, iite kanuni.
Kabla haijaketi, utasikia hodi nyingine."

Irmtraut hakucheka. Mjalidi alikuwa anasubiri.
"Kwa hiyo kitabu chako kibovu?"
"La. Kikiwa safi ndipo lazima kipungukiwe.
Kibovu ndicho kinachothibitisha lolote utakalo."
Akafikiri kidogo, akifuta lenzi kwa pindo la aproni.
"Kama shemeji yangu," alisema.
"Hajawahi kukosa jibu."

Kinyozi hajinyoi, husemwa,
na kinyozi wetu wa pembeni, Bwana Uhlig,
kweli alitembea na ndevu za siku tatu.
Nilidhani ni uvivu.

Jioni hiyo alinituma nichape kikaratasi cha tatu:
kichwa cha habari, *Masahihisho Mengine*,
mstari mwembamba chini yake,
kisha weupe mtupu hadi ukingoni.
Nakala mia nne.
Nitzschke alizigundua zikiwa zimeshagundishwa.

Barua zikaja. Kutoka Jena, kutoka Graz,
mwalimu mmoja wa Dorpat aliyeandika kwa hasira nzuri:
ukurasa wangu wa mwisho haukuchapwa.
Irmtraut alijibu zote kwa postikadi,
neno moja, na sahihi yake:
*Umechapwa.*

Sasa mimi ndiye wa miwani miwili.
Kopi yangu imelegea uti, gundi imekauka,
vikaratasi viwili vya kwanza vimepotea,
cha tatu kingalipo, kimegeuka rangi ya chai.
Sijaandika kitu juu yake. Mara moja nilinoa penseli.

Hata hili nimelisoma mara sita kabla ya kulitoa,
kwa kidole, kama alivyonifundisha,
na nina hakika kuna mlango huko juu
nilioufungua, nikapita,